Soko Lisilo na Garimoshi

Kabla hajajua kusoma, Jedidah alijua kuuza.

Baba yake, Zephaniah, alikuwa mfanyakazi wa reli mjini Voi. Kazi yake ilikuwa kuvuta ule mkono mrefu wa chuma unaoamua garimoshi lishike njia ipi, ya Nairobi au ya Taveta. Mama yake alikufa mapema, akamwacha mtoto ambaye hata kanga hajajua kuifunga. Kwa hiyo mchana, baba akiwa kwenye reli, Jedidah alibaki na Bi Saadiya, mwanamke wa Kiislamu wa asili ya Mombasa, aliyeuza mahamri na kahawa kwa abiria.

Bi Saadiya hakumlea kwa kumbeba. Alimpa sinia.

"Usilie kama muadhini," alimwambia siku ya kwanza, mtoto alipokuwa akipiga kelele chini ya madirisha ya behewa. "Sema neno moja la kweli juu ya hamri lako, kisha nyamaza. Mwenye njaa atamalizia mwenyewe."

"Neno gani, Bi?"

"Hili ni la moto. Si la moto?"

"La moto."

"Basi sema hivyo. Na bei ukishaitaja, usiimeze. Bei ni kama mate, mwanangu. Yakishatoka kinywani, mtu hayarudishi."

Ndivyo alivyokua, akijua kusoma nyuso zinazochungulia madirishani kabla ya kujua herufi. Alijua abiria wa daraja la tatu hununua garimoshi likifika, na wa daraja la pili hununua likikaribia kuondoka. Siku moja bwana mmoja alilibonyeza hamri, akalirudisha siniani, akamtukana yeye na aliyemzaa. Jedidah alilia. Bi Saadiya alilichukua lile hamri, akaliweka juu ya mengine upande uliobonyea ukiwa chini, kisha akamfuta machozi kwa pembe ya mtandio wake.

"Biashara haigombi," alisema. "Wewe ngoja filimbi. Ikilia, anaondoka na maneno yake. Garimoshi hili limebeba matusi ya nchi nzima na halijalemewa hata siku moja."

Filimbi ililia. Bwana yule akaondoka na maneno yake. Jedidah aliona kwamba ni kweli, na aliliweka jambo hilo moyoni.

Lakini kulikuwa na watu wengine pale stesheni, ambao filimbi haikuwachukua. Hao walikuwa wanawake wa mlimani, wa ukoo wa baba yake, walioshuka alfajiri na mikungu ya ndizi mgongoni, kamba zikiwa zimewakaa kwenye paji la uso. Walikaa chini kando ya ukuta na kungoja wachuuzi. Mchuuzi alikuja, akataja bei yake, akaenda kunywa chai, akarudi akataja bei ya chini zaidi. Walikubali. Kupanda mlima na ndizi zile zile mgongoni ni kifo cha pili, na wachuuzi walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Mara kwa mara mmoja wao alimtambua mtoto wa Zephaniah, akamwita kwa Kidawida, lugha ya mlimani, kwa jina alilopewa na mama yake. Jedidah alikuwa na sinia, gauni safi, na Kiswahili cha Bi Saadiya. Aliligeuzia uso behewa lililo karibu na kutangaza mahamri ya moto.

*

Miaka ya hamsini ilipoanza alikuwa amesomea ualimu, na misheni ikampeleka Mbololo, mlima wa baba yake, kwenye shule ndogo ya kuta za udongo iliyojengwa ubavuni mwa kanisa. Mwalimu mkuu alikuwa Silvanus, mtu mrefu, mpole, aliyevaa tai hata siku ya kulima bustani ya shule.

Jedidah alifundisha hesabu. Watoto waliziweza. Waliweza kusema mfanyabiashara aliyenunua magunia kadhaa kwa bei fulani amepata faida gani. Lakini Jumamosi aliwaona watoto hao hao wakiwafuata mama zao kushuka Voi, na kurudi na chumvi kidogo na kipande cha sabuni kwa mkungu mzima. Hesabu ilikuwa ubaoni, na ndizi zilikuwa mgongoni, na hivyo viwili havikuwahi kukutana.

Alimwendea Silvanus akaomba uwanja siku ya Ijumaa, baada ya masomo.

"Wa nini?"

"Wa soko, mwalimu mkuu. Watoto wauze, wazazi wanunue. Wajifunze kutaja bei."

Silvanus aliinyoosha tai yake. "Wasije wakajifunza kupenda pesa."

"Pesa yenyewe iko wapi waipende? Nataka mchuuzi akitaja bei, wasiinamishe kichwa."

Akapewa uwanja.

Kila mtoto aliambiwa aombe nyumbani kitu kimoja cha kuanzia. Mwalimu aliita kitu hicho mtaji, akawaeleza kwamba mtaji ni kile unachoanza nacho leo, na ambacho lazima ukikute tena kesho. Ukila faida ni sawa, ukila mtaji umejila mwenyewe. Wengine walileta mayai, wengine nyuzi za kusukia vikapu, wengine maharagwe. Msichana mmoja aitwaye Wakio alileta miwa. Bibi yake, Mghoi, alikuwa na shamba kando ya mfereji wa maji, na miwa yake ilijulikana kote kwa utamu. Wakio aliikata pingili kwa pingili, akaipanga juu ya jani la mgomba kama mwalimu alivyoagiza, ndefu nyuma na fupi mbele.

Ijumaa ya kwanza jani lilikuwa tupu kabla kivuli cha kanisa hakijafika uwanjani.

"Umeuza?" Jedidah aliuliza, akifurahi.

"Miwa imekwisha, mwalimu."

"Pesa ziko wapi?"

"Hakuna."

"Imekwishaje?"

Wakio alihesabu kwa vidole. "Shangazi amechukua. Mjomba amechukua, na watoto wake, na yule mgonjwa nyumbani kwake amepelekewa. Yule mzee wa mferejini naye, kwa sababu ndiye aliyemzika babu."

"Na zile fupi za mbele?"

"Zile nilizila. Nilikuwa nimechoka kugawa."

Darasa zima lilicheka. Wenzake hawakuwa tofauti naye. Mayai yalikwenda kwa mama wadogo, maharagwe kwa majirani wenye wageni. Hakuna mtoto aliyenyang'anywa kitu. Kila mmoja alikuwa ametoa kwa adabu, kwa sababu kila mnunuzi aliyefika alikuwa mtu wake, na mtu wako humuuzii muwa.

Jedidah hakucheka. Ijumaa iliyofuata alichukua kijiti akachora mstari mrefu mavumbini, kutoka mlango wa darasa mpaka kwenye ua.

"Huu ni mstari wa soko," alisema. "Nyuma yake mpo ninyi. Mbele yake hakuna shangazi. Hakuna mjomba. Yupo mnunuzi. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akajifanya yeye ndiye shangazi. Alijifunga kanga kichwani, akaja akichechemea, akasimama mbele ya Wakio. "Ee mwanangu, koo limekauka, nimetoka mbali, nikatie hata kidogo."

Wakio alishika pingili.

"Weka chini," Jedidah alisema kwa sauti yake ya kawaida. "Mimi ni nani?"

"Mnunuzi."

"Muwa wako ukoje? Neno moja la kweli."

Mtoto alifikiri. "Mtamu mpaka kwenye fundo."

"Haya. Na bei?"

"Pingili mbili, ndururu moja."

"Sasa nyamaza."

Walinyamaza wote, mwalimu akiwa shangazi na mtoto akiwa muuzaji, wakatazamana mpaka mwalimu akashindwa, akafungua pindo la kanga na kutoa ile senti tano yenye tundu. Watoto walishangilia. Siku hiyo ndipo soko lilipozaliwa.

Lilikua. Wazazi walikuja, wakataniana, wakatoa senti zao kama watu wanaolipia mchezo. Watoto walijifunza kupanga, kutangaza, kupunguza bei jioni kabla mboga hazijanyauka, na kuuliza mnunuzi angependa nini Ijumaa ijayo. Wakio aliwapita wote. Hata mama zao walijifunza. Jumamosi moja kule Voi, wanawake wa Mbololo walikataa bei ya kwanza ya mchuuzi, wote kwa pamoja, wakakaa kimya kando ya ukuta mpaka akataja nyingine. Jedidah aliposimuliwa hayo alitoka nje ya darasa akasimama peke yake kwa muda.

Jambo moja hakuliona. Utani wa wanunuzi ulikuwa ukipungua Ijumaa hadi Ijumaa. Wanawake wawili ambao watoto wao walibishana juu ya bei ya mayai walianza kupita njia mbili tofauti kwenda mtoni. Watu walianza kununua kimya.

Kimya, kwa watu wa mlima ule, si kitu kidogo. Wanasema hasira isiyosemwa haikai ilipowekwa. Hutoka ikitafuta mahali pa kukaa, na mara nyingi humkalia mtoto. Dawa yake wazee waliiita kutasa. Mwenye hasira hupiga funda la maji ya muwa, hulinyunyiza kutoka kinywani, hutaja kilichomuudhi, na kusema kimetoka. Funda baada ya funda, mpaka moyo uwe mweupe. Kanisa lilikuwa limekataza. Mwalimu wa misheni aliyeonekana penye kibuyu cha kutasa hakuwa mwalimu tena.

*

Mghoi alikuja sokoni Ijumaa moja mvua zilipokuwa karibu. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye macho makali, aliyekwenda bila fimbo na kujivunia hilo. Alivuka katikati ya watu akafika mbele ya jani la mjukuu wake.

"Nipe pingili mbili, mjukuu wangu. Nimefikiwa na mgeni."

Wakio alimtazama bibi yake, kisha akautazama mstari.

"Ndururu moja, bibi."

"Nini?"

"Pingili mbili, ndururu moja. Mtamu mpaka kwenye fundo."

Mwanamume mmoja nyuma alicheka. "Lipa, bibi. Hapa si kwako, hapa ni Voi."

Wengine wakacheka naye. Mghoi hakumtazama yule mwanamume. Alimtazama Jedidah, aliyesimama karibu, chaki mkononi. Miwa ile ilikuwa imeota kwa maji ya zamu yake ya mfereji, shambani kwake, na ni yeye aliyempa mtoto kama mtaji. Jedidah alilijua hilo. Lakini watoto wote walikuwa wanatazama, na somo lilikuwa limefika mahali pake pagumu, akaona akilegea sasa mstari utafutika.

Alitabasamu. "Hapa hatuna bibi, mama," alisema. "Hapa tuna mnunuzi tu."

Mghoi alifungua fundo la kanga yake. Alitoa ndururu, akaiweka juu ya jani, akachukua pingili zake mbili.

"Asante, karibu tena," alisema Wakio, kama alivyofundishwa.

Bibi aliondoka bila kuuma muwa. Jedidah aliwakusanya watoto, akamsimamisha Wakio mbele yao na kumsifu. Mtoto hakuinua uso.

Mvua zilianza, na Wakio akaugua. Ilikuwa homa. Baba yake alimbeba mgongoni mpaka dispensari ya Voi, akadungwa sindano, akapewa vidonge, akarudi akiwa afadhali. Kisha homa ikarudi. Ilikwenda na kurudi, na kila iliporudi ilimkuta akiwa mwepesi zaidi. Aliacha kula. Alilala akiwa ameelekeza uso ukutani, na mama yake alipomgeuza, aligeuka tena.

Ijumaa iliyofuata watoto walipanga vitu vyao kwenye mstari na kuacha pengo mahali pa Wakio. Hakuna aliyewaambia waliache.

Mama yake Wakio alikuja shuleni soko lilipokwisha. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi.

"Mwalimu, nimekuja kuomba kitu ambacho najua hamruhusiwi kutoa."

"Sema, dada."

"Mama mkwe ametasa. Ametasa mara nyingi. Anasema maji yanatoka kinywani lakini moyo unabaki pale pale." Alijikaza asilie. "Anasema hakumkasirikia mtoto. Amekukasirikia wewe. Na huwezi kutema hasira ya mtu ambaye hayupo."

"Dawa za dispensari anakunywa?"

"Anakunywa. Zote anakunywa. Sikuja kuacha dawa, mwalimu. Nimekuja kwa sababu dawa ziko ndani na mtoto bado anaondoka."

Mama huyo alipokwenda zake, Silvanus, aliyekuwa amesikia kutoka chumba cha pili, aliingia akafunga mlango.

"Mkaguzi wa misheni anakuja mwezi huu," alisema. "Unajua yule mwalimu mwenzetu wa ng'ambo ya bonde aliachishwa kwa nini. Hakutema hata tone. Aliketi tu."

"Najua."

"Piga magoti hapa hapa. Mimi nitapiga nawe. Mungu atasikia."

"Mungu atasikia, mwalimu mkuu," Jedidah alisema. "Mghoi hatasikia."

Silvanus alisema kwa upole, "Mtoto akipona utasema ni maji ya miwa. Akifa watasema ni wewe. Kwa vyovyote hutakuwa na darasa. Na hawa wengine watabaki na nani?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na Jedidah alilala nalo. Aliwafikiria wote, majina yao na vitu vyao juu ya majani. Alifikiria gauni lake la ualimu, na Zephaniah mzee ambaye kila Jumapili kule Voi aliwaambia watu kwamba binti yake anafundisha. Pia aliukumbuka uso wa Wakio siku ile ya sifa, ulivyokataa kuinuka.

Kesho yake hakungoja giza. Alipita njia kuu, mbele ya kanisa, saa ambayo wazee wa kanisa walikuwa wakiezeka upya paa lake. Walisimama na nyasi mikononi wakamtazama akishuka kuelekea kwa Mghoi.

*

Nyumba ilikuwa na joto na harufu ya moshi na miwa iliyotwangwa. Wakio alilala juu ya ngozi, chini ya blanketi. Mghoi aliketi kwenye kigoda, kibuyu miguuni, na mama yake Wakio alisimama mlangoni.

Jedidah alipiga magoti. Alikuwa na ndururu mkononi, akamnyooshea.

"Nimekurudishia, mama."

Mghoi hakuipokea. "Ya nini? Bei ilikuwa ya haki. Pingili mbili, ndururu. Ningekuwa Voi ningelipa zaidi." Alimtazama. "Mtoto alitaja bei vizuri. Nilitaka kucheka. Nilikuwa na ndururu, na nilikuwa natafuta neno la kumtania nalo kabla ya kuitoa. Wewe ndiye uliyesema hapa hakuna bibi."

Jedidah aliiweka ndururu chini, kando ya kigoda.

"Nimezaa, nimezika, nimelima mlima huu," Mghoi aliendelea. "Hakuna aliyewahi kuniambia sipo mahali nilipo. Na yeye alinisikia nikiambiwa. Ndicho kilichomlaza hapo." Alipiga funda la maji ya muwa. Alilinyunyiza kutoka kinywani, likatua kama umande juu ya blanketi. "Niliambiwa sipo. Kitoke." Akanyunyiza tena. "Walicheka, na nilikuwa na ndururu. Kitoke." Alipomaliza alikisukuma kibuyu mbele ya Jedidah.

"Sasa wewe. Taja yako."

"Mimi sina hasira nawe, mama. Mimi ndiye niliyekosa."

"Sikusema una hasira nami. Mtu achoraye mstari anaogopa kitu upande wa pili. Taja."

Nje, maji ya mfereji yalisikika yakipita. Jedidah alikishika kibuyu muda mrefu, na kilichomjia hakikuwa uwanja wa shule. Kilikuwa ukuta wa stesheni, mikungu, kamba kwenye paji la uso.

"Mlikuwa mkishuka Voi," alisema taratibu. "Mlikuwa mkikubali bei yoyote. Niliwaona. Niliwakasirikia kwa kukubali. Nilikuwa na sinia yangu, na mlikuwa mkiniita kwa jina la nyumbani, na nilikuwa nikigeuza uso. Nilisema moyoni, hawa si shangazi zangu."

Mama yake Wakio, pale mlangoni, alishika mdomo.

"Ndiyo hiyo," Mghoi alisema. "Iteme."

Jedidah alipiga funda. Lilikuwa tamu kupita alivyotegemea. Alilinyunyiza, vibaya, kama mtu asiyezoea. Nusu yake ilimwagika kifuani mwake mwenyewe.

"Kitoke," alisema.

Chini ya blanketi sauti nyembamba iliuliza, "Bibi, hiyo ni pingili ngapi?"

Mghoi alimwekea mkono kichwani. "Nyamaza, mjukuu wangu. Hii haiuzwi."

*

Wakio alipona polepole. Alimaliza vidonge vya dispensari, akaanza uji, akaanza kukaa juani. Hakuna mtu mlimani aliyebishana kuhusu kilichomponya. Waliotaka kushukuru vidonge walishukuru vidonge, na waliotaka kumshukuru Mghoi walimpelekea unga.

Mkaguzi alipokuja hakuhitaji kupeleleza. Wazee wa paa walikuwa wamekwisha kusema. Alimketisha Jedidah mbele ya meza ya Silvanus, akauliza kwa huzuni ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya.

"Ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Ulitema?"

"Nilitema."

"Unaamini maji ya muwa huponya?"

"Naamini mama yule aliumizwa, na aliyemuumiza ni mimi."

"Hilo silo nililouliza, mwalimu."

"Ndilo nililo nalo, bwana."

Mkaguzi alingoja, labda akitumaini ataongeza neno ambalo lingemwezesha kumsaidia. Jedidah alikuwa ameshataja, na hakumeza. Muhula ulipokwisha alifunga sanduku lake. Watoto walimsindikiza mpaka njia inapoanza kuteremka, wakasimama hapo. Wakio, mwembamba bado, alimpa pingili moja ya muwa iliyofungwa kwenye jani, na hakutaja bei.

Soko lenyewe mkaguzi alilipenda, akaagiza liendelee. Silvanus alilisimamia akiwa na tai yake. Mstari wa mavumbini ulichorwa kila Ijumaa kama zamani, na watoto walitaja bei bila kuinamisha kichwa. Lakini soko lilipofungwa, Wakio alileta kata ya maji kutoka mferejini, wauzaji na wanunuzi wakaketi pamoja juu ya ule mstari mpaka ukafutika chini yao. Kila aliyekuwa na neno alilisema, akapiga funda la maji, akalitema mavumbini. Wakati huo mwalimu mkuu aliwapa mgongo na kulikagua paa la kanisa kwa makini sana. Alikuwa mtu mwaminifu, na asingeweza kusimulia asichokiona.

Jedidah alirudi Voi, kwenye sinia. Zephaniah alikoma kuwasimulia watu habari za binti yake, na ukimya huo ulimuumiza Jedidah kuliko maneno ya mkaguzi. Bi Saadiya, aliyekuwa amezeeka na kupungua macho, alimsikia akikanda unga alfajiri.

"Umesoma kote huko, umerudi kwenye mahamri."

"Ndiyo, Bi."

"Haya. Mradi unakumbuka. Biashara haigombi."

"Kule mlimani inagomba, Bi Saadiya," Jedidah alisema. "Hawana garimoshi."

Miaka ile magarimoshi mengine yalipita Voi na madirisha yamefungwa, yakiwa na wafungwa wa vita vya kudai uhuru, wa kambi ya Manyani, na hayo hayakununua kitu. Mengine yalisimama kama kawaida. Wanawake wa Mbololo waliendelea kushuka na mikungu, na sasa walikaa karibu na sinia ya Jedidah, naye aliwaita kila mmoja kwa jina lake la ukoo kabla ya kumuuliza bei.

Siku moja yeye na mmoja wao walibishana. Jedidah alimwambia mchuuzi bei ya juu kwa niaba ya mama huyo, mchuuzi akaghairi na kupanda garimoshi, ndizi zikabaki. Mama yule alimrushia maneno makali mbele ya abiria wote: kwamba yeye halimi, habebi, anatoa wapi ulimi wa kutaja bei ya mgongo wa mtu mwingine. Watu walichungulia madirishani. Filimbi ikalia, garimoshi likaondoka, na stesheni ikawa tupu, isipokuwa wao wawili na mkungu wa ndizi kati yao.

Jedidah aliweka sinia chini. Alikwenda kwenye mtungi wa Bi Saadiya, akachota maji kwa kata, akarudi akaketi kando ya ukuta, bega kwa bega na mama yule.

"Sema, shangazi," alimwambia kwa Kidawida, akimpa ile kata. "Sema yote. Mimi siendi popote."